Sahani ya Narelle

"Mwenzetu, mwanao anatuvuruga," alisema mwenyekiti, kwa sauti laini kama ya kumbembeleza mgonjwa.

Narelle alidhani hakusikia vizuri. Kikundi hiki cha hapa mjini Wagga kilikuwa cha wazazi wa watoto wenye ADHD, wale wasiotulia, naye alikuwa amekitafuta mwaka mzima. Binti yake alikuwa chini ya meza akigonga miguu ya viti kwa kijiko. Wazazi wote walikuwa wameinamia vikombe vyao vya chai.

"Wenu wako wapi?" aliuliza Narelle.

"Kwa bibi zao. Hapa tunakuja kupumua kidogo."

"Wangu hana wa kukaa naye hata saa moja. Ndiyo maana nimekuja."

Narelle akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Alikuwa ameshamfunga mkanda garini aliposikia mtu akikimbia kwenye kokoto. Mwenyekiti alikuwa anakuja mbio, anahema, anapunga mkono. Moyo wa Narelle ukalainika. Akamfungua mtoto mkanda.

"Afadhali nimekuwahi!"

Akamkabidhi sahani ambayo Narelle alikuwa amekuja nayo, maana kila mzazi huleta chochote cha kula. Ilikuwa imeshaoshwa, bado ina joto la maji, jina lake limebandikwa kitakoni kwa selotepu. Keki alizoleta zilikuwa zimebaki ukumbini.

"Nimeona nikuletee, usije ukahangaika kuirudia."

Binti yake alikuwa ameshateremka, anakimbilia mlango wa ukumbi huku akicheka.