Jozi ya Pleko

Mjomba Shamte alitema mate nje ya dirisha, akajifuta mdomo, kisha akageuka kuwatazama tena wale samaki waliomtia kichefuchefu.

"Hebu yaone! Yamebandika midomo kwenye kioo kama walevi wanaolamba sahani. Nurdin, umekosa kabisa kitu cha kufuga?"

"Ndio pleko hao, mjomba. Watu wa mjini wanawapenda."

"Watu wa mjini wana matatizo yao."

Kusema kweli hawakuwa wazuri. Wakubwa walikuwa wawili, weusi, ngozi ngumu kama gome la mkorosho, na tumbo lao jeupe ni la kutotazamwa kabla ya kula. Dume lilikuwa limeota nyuzi za nyama puani, zikitikisika majini kama ndevu. Kinyesi kiliwaning'inia nyuma, uzi mrefu wa kijani usiokatika, wakazunguka nao tangi zima. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, kwa sababu Nurdin aliyatia majani makavu ya mti wa mkungu. Chini kilizama kipande cha boga la juzi, kimelainika kama kamasi.

Tangi alilijenga mwenyewe kwa vitu vya kuokoteza. Vioo vilitoka kwenye kabati la duka lililofungwa pale Kitomanga, kipampu cha hewa ni cha mtumba, kinaendeshwa na sola ndogo. Mapango ya kutagia aliyakata kwenye mianzi. Miezi minane aliilea jozi ile tangu wakiwa sawa na kidole, pamoja na wadogo wanne waliokuja baadaye. Mwenye duka la samaki wa mapambo Dar alishamwambia kwamba vifaranga wa kwanza wakipatikana atawachukua wote, na wengine baada ya hao. Nurdin alikuwa amechoka kupulizia dawa mikorosho ya watu. Tumaini lake lote lilikuwa mle ndani ya maji machafu.

Lakini nyumba ilikuwa ya mjomba, na kwao mjomba akishasema, mpwa hana pa kukatia rufaa.

Mzee alipita kila jioni akitoka kusugua hodhi la msikiti, kazi aliyoifanya miaka thelathini, magoti yakimlia kila hatua. Kukuta uchafu baada ya kazi kama ile kulimchafua roho.

"Yanakula nini?" aliuliza, ameziba pua.

"Boga, na ule utando wa kijani kwenye kuta. Hawang'ati, hawana shida na mtu."

"Yanakula uchafu, halafu unalala nayo chumba kimoja! Astaghfirullah."

Siku moja alikuja na ndoo.

"Hayo mawili makubwa yanatoka leo."

"Mjomba, hiyo ndiyo jozi yenyewe. Dume ameanza kuingia pangoni. Nipe mwezi mmoja tu, nakuomba."

"Sikupi hata saa moja."

"Basi nikawatupe mwenyewe."

"Wewe utayaficha. Nitayatupa mimi."

Aliwashika kwa kitambaa, kwa ncha za vidole, uso umemkunjamana, akawatumbukiza ndooni. Aliondoka akiibeba ndoo mbali na kanzu yake. Nurdin, mtu mzima mwenye ndevu zake, akakaa chini akalia.

Mtu angedhani mzee sasa ameridhika. Wapi! Aliendelea kuja, na siku hizo alikuwa na nafasi zaidi, akakaa hata saa nzima akiwasonya wale wadogo wanne.

"Kwani madudu haya yanazaanaje?"

"Wanataka maji ya baridi, mjomba, kama mvua imenyesha. Jike anataga pangoni, halafu dume anabaki na mayai, anayapepea kwa mapezi. Siku hizo hali kitu."

"Na jike?"

"Anafukuzwa."

"Kinyaa kitupu. Na vifaranga?"

"Hawatakiwi kusumbuliwa mwanzoni. Wakishtuliwa, wanakufa."

"Kinyaa," mjomba alirudia, akaenda zake bila kuaga.

Nurdin alijibu kila swali kwa adabu, lakini moyoni alikuwa amejaa. Kuulizwa habari za marehemu na yule yule aliyewaua! Taratibu alianza kuona kinyaa, safari hii si cha samaki. Aliona kinyaa kwa ule msonyo, kwa mate yaliyokaukia dirishani, kwa mkono wa mzee kila ulipomshika bega. Alikuwa akimpenda mjomba wake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwenye duka wa Dar alipiga simu mara ya mwisho. Jozi ipo au haipo? Nurdin akasema haipo. Wale wadogo wangehitaji mwaka mzima kukomaa, na mtu yule hakuwa na mwaka.

Ijumaa asubuhi akawahamishia wadogo kwenye beseni, akamwaga maji yote nje. Tope lililobaki chini lilinuka mpaka kuku wakakimbia uani. Akabandua vioo kimoja kimoja, mikono ikitelezea ute, akavisimamisha ukutani.

Aliwahi msikitini kabla ya watu, bado ananuka. Alitaka atawadhe, aswali, kisha amwambie Mjomba Shamte maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Akapiga goti kwenye ukingo wa hodhi, akashika kata.

Kuta zilikuwa nyeupe mpaka chini, utadhani chokaa imepakwa jana. Kwenye ngazi ya tatu, ndani ya maji, kando ya kipande cha mwanzi, zilikuwa zimetapakaa punje nyeusi zisizozidi punje za mchele. Moja ikasogea. Kisha zikasogea zote.

"Chota taratibu, wewe," Mjomba Shamte alimnong'oneza kutoka nyuma. "Wametoka pangoni jana tu."