Jina la Kiwanda

Nembo ya gari ilibanduka, ikabaki mkononi mwa mzee.

Fundi alihisi uso unamuwaka. Gari lile la fasheni ya zamani alilitengeneza mwenyewe kwa miaka mitatu, bodi ya faiba juu ya injini ya pikapu. Kisha jana, kabla ya maonyesho haya ya magari ya zamani, kwa kupenda sifa, akalibandika jina la kiwanda ambacho hakijawahi hata kuliona.

Na mzee alikuwa amefanya kazi kiwandani humo ujana wake wote.

"Zetu tulizifunga kwa skrubu mbili, mwanangu," alinong'ona, akitazama gundi mbichi kwenye kidole gumba. Akairudisha nembo mahali pake, akaifunika kwa kiganja chake chenye makovu, watu wasione.

Mwamuzi wa maonyesho akasogea na kalamu yake.

"Haya babu, wewe ndiye unayeyajua magari haya. Ni lenyewe, au tumeletewa sanamu?"

Watu wakacheka.

"Ni lenyewe," mzee alisema, macho chini, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusema uongo.

Fundi akasogea hadi ubavuni mwa mzee.

"Mzee wangu," alisema, "ondoa mkono."