Ugali wa Darasa la Chiriku

Chiriku alikuwa mwalimu wa hesabu aliyependa kelele kuliko maelezo. Uwiano aliufundisha kwa kuimbisha: "Unga kikombe kimoja, maji vikombe viwili!"

Nungunungu akauliza, "Na unga ukiongezeka je, Mwalimu?"

"Wewe imba tu!"

Siku moja akaja Kifaru, mkaguzi wa shule. Chiriku, aliyeutamani ualimu mkuu, akawaagiza wanafunzi wampikie ugali. Kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, wakatia unga vikombe kumi, na maji viwili vilevile. Kifaru akapaliwa na unga mkavu.

"Nani kawafundisha upumbavu huu?" Chiriku akafoka.

"Wewe, Mwalimu," wakajibu kwa adabu.

Kifaru akapangusa pua, akamsukumia sufuria.

"Kula, Mwalimu. Darasa zima limefaulu somo lako."