Upepo Nyuma ya Mapanga

Winrose aliuona upepo ukibanduka.

Kwenye jaribio la kompyuta, hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya mapanga ya mbele ya feni iliachana nayo ghafla, ikajikunja kama kimbunga kidogo, ikaenda kuyapiga mapanga ya nyuma. Ikapiga tena na tena, kwa mdundo uleule unaoweza kuyatetemesha mpaka yakatike.

Feni hiyo aliichora yeye mwenyewe. Hesabu zake za kwanza zilichukulia kwamba hewa hupita kwa utulivu. Sasa feni ilikuwa ikinguruma ng'ambo ya ua, ikikausha ngano ya shamba moja la Timau, na akina mama walikuwa wakichambua nafaka mbele yake.

Alikimbia, akaizima.

"Injinia, umefanya nini?" meneja alipaza sauti. "Ngano bado iko na maji, na mvua ndiyo hiyo!"

"Mapanga ya nyuma yanaweza kukatika, bosi. Yatawapata hawa mama."

"Nionyeshe."

Winrose alingoja feni isimame kabisa, akaingiza mkono, akayapapasa mapanga ya nyuma moja moja. Chuma kilikuwa bado na joto. Uso wake ulikuwa laini, hauna hata ufa.

"Umeona nini?"

"Bado sijaona kitu."

"Basi washa."

Matone ya kwanza yaligonga mabati. Akina mama walikuwa wameacha kazi, wanamtazama.

Winrose aliufungua mlango wa kisanduku cha swichi, akang'oa fyuzi, akaitia mfukoni.

"Siwashi," alisema.