Wa Mwaka wa Farasi Wageuke

Suyun alifika kwao akakuta jeneza la mama yake lingali wazi. Kabla hajamwona hata uso, mtabiri alipaza sauti.

"Wa mwaka wa Farasi wageuke! Nyota yao inagombana na ya marehemu. Atakayetazama kifuniko kikifungwa, mkosi utamwandama maisha."

Katika kalenda ya Kichina, ambamo kila mwaka hupewa mnyama wake, Suyun alizaliwa mwaka wa Farasi. Akageukia ukuta. Mbele ya pua yake chokaa ilikuwa imebanduka, na tofali lilinuka unyevu. Nyundo ikaanza kugonga.

"Mama, kwepa misumari!" sauti ya kiume ililia nyuma yake, kama ilivyo desturi ya watoto wa marehemu.

Ilikuwa sauti ya pacha wake.

Suyun akageuka. Pacha wake alisimama upande wa kichwa, macho wazi, mkono juu ya kifuniko.

"Na yeye je? Si tulizaliwa asubuhi moja?"

"Farasi dume hana mkosi, wifi," mke wa pacha wake akamjibu, akimkamata bega. "Geuka, usituletee balaa. Wiki nzima kabla hajafa mama alilia jina lako, haikutosha?"

Pacha wake hakuinua macho. Aliipokea nyundo, akaupigilia mwenyewe msumari wa mwisho.