Mgeni wa Barazani

Nyumba zetu, zinazotuhudumia zenyewe, hazibagui: ukimwombea mmoja kitu, wote wanapewa. Mmoja akihitaji kunyolewa, sote tunanyolewa. Nimechoka kuwabembeleza wanangu wameze dawa za magonjwa yasiyo yao.

Mama mkwe wangu, Tusekile, mgongo ulimuuma mpaka akaacha kula. Dawa ya kumtuliza ilikuwa kali, na nyumba isingempa yeye bila kuwapa watoto. Kwa hiyo sikuiomba, naye hakunilaumu.

Jana alijikokota na mkeka wake hadi barazani.

“Mama, huko kuna baridi,” nikamwambia.

“Nifute kwenye orodha ya nyumba, mwanangu. Nikiwa mtu wa nje, muuguzi wa mtaa atanipa dawa yangu peke yangu.”

Nikamfuta. Muuguzi akaja, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, mama akalala bila kuguna.

Jioni ukungu wa Tukuyu ukashuka. Nikaomba blanketi, nyumba ikamfunika kila aliye ndani. Nikampelekea mama la kwangu.

Niliporudi, nyumba ikatuuliza mmoja mmoja kwa sauti ile ile ya upole: “Mgeni wa barazani anaondoka lini?”

Kwa nyumba, jibu la mmoja ni jibu la wote. Mwanangu mdogo akawahi kujibu, “Kesho.”