Anwani ya Vitenge

"Bonyeza, dada! Saa sita wanafunga akaunti yako," dalali wa vitenge alimhimiza, kidole chake kikigonga kioo cha simu ya Mboni.

Aliisoma tena barua pepe ya benki. Nembo ni ileile, vitisho vikali, na chini kuna nafasi ya kuandika namba yake ya siri.

Akapandisha macho hadi juu, penye anwani yake iliyopokea barua hiyo. Akaganda.

Benki ilikuwa na anwani yake ya zamani. Hii aliifungua juzi, hapahapa dukani, ili atumiwe picha za vitenge vipya. Alikuwa amempa mtu mmoja tu.

Alikitazama kile kidole. Kilikuwa kimeacha alama ya jasho kwenye kioo.

"Unangoja nini? Mimi nakuonea huruma tu."

Mboni aliinuka, akasimama mlangoni na kumzibia njia. Nje, wabeba mizigo wa Msimbazi walikuwa wameegemea mikokoteni yao, hawana kazi, jua linawachoma. Mtaa huu ukipigwa ukelele wa mwizi, hakuna anayeuliza mara mbili.

Dalali naye aliwaona.

"Dada," alinong'ona, "tuongee."

Mboni akavuta pumzi ya kutosha mtaa mzima.